Chipu ya Miguu Minane: Mwongozo wa Fundi Anayetaka Jina Kasongo

Anza na meza. Iweke mahali ambapo watu watokao sokoni hawawezi kuikwepa, kisha ijaze maiti za ampli, zote zimefunguliwa matumbo, na usifunge hata moja. Mteja wa Kasongo hapimi ulichotengeneza, anapima ulichothubutu kufungua. Batri ya volti 12 ikae chini ya meza, pano ya sola juu ya bati, na chuma cha kulehemu kilale kwenye jiko la makaa kwa siku ambazo mawingu yamekataa kuondoka. Mita ya kupimia uivae shingoni. Kama betri yake ilikufa tangu mavuno ya mpunga yaliyopita, si neno, mita ya shingoni haikuwekwa pale ili kupima.

Ukishakuwa na meza una heshima. Kinachobaki ni elimu, na hapa utaipata bila kulipa hata faranga moja.

Ndani ya karibu kila maiti iliyo mezani mna kidude cheusi chenye miguu minane, minne upande huu na minne upande ule. Kimeandikwa 4558, au LM358, au TL072; kwenye mashine za zamani utakuta 741. Kinaitwa opampu. Ndicho kinachopokea sauti hafifu ya mikro na kuikuza mpaka iweze kuamsha transista kubwa zinazosukuma bafle. Kimo kwenye ampli ya msikiti, kimo kwenye meza ya sauti ya kwaya, kimo kwenye regulata nyingi za sola, na kule Kabambare ndugu zake wamo ndani ya mizani za kupimia dhahabu. Chipu moja, kazi nyingi. Kwa hiyo shika kanuni ya kwanza ya fundi mwenye haraka: miguu ikiwa minane, chipu ni ileile.

Usijisumbue kusoma kwamba 741 ina opampu moja, inapokea umeme kwenye mguu wa 7 na kutoa sauti kwenye mguu wa 6, wakati 4558 ina opampu mbili, inapokea umeme kwenye mguu wa 8 na kutoa sauti kwenye miguu ya 1 na 7. Ukichomeka 741 mahali pa 4558, umeme utafika mguu wa 8, ambao ndani ya 741 haukuunganishwa na chochote, na ampli itanyamaza kwa adabu. Hiyo ndiyo ajali njema. Ukifanya kinyume chake, umeme wa batri utakuwa umelehemiwa kwenye mlango wa kutokea sauti, na kidole chako kikigusa chipu kitakueleza yaliyobaki. Ipo pia LM386, yenye miguu minane vilevile, ambayo si opampu hata kidogo, ni ampli ndogo kamili ya kusukuma spika. Nayo ichomeke tu. Vipuri vinatoka Bukavu au Uvira, vikibebwa na pikipiki katika barabara ambayo mvua ndiyo waziri wake, na mteja hawezi kungoja mpaka ujue tofauti.

Sasa tujue inavyofanya kazi, ili tuiharibu kwa makusudi badala ya kutegemea bahati. Opampu ina milango miwili ya kuingilia. Kwa 741, mguu wa 3 una alama ya kujumlisha na mguu wa 2 una alama ya kutoa. Yenyewe haijali mlango huu una volti ngapi au ule una ngapi. Inajali tofauti kati yake. Tofauti hiyo inaizidisha kwa namba ya kutisha, ambayo kwa 741 ni kama mara 200,000. Piga hesabu. Sehemu moja ya kumi ya milivolti, mara 200,000, ni volti 20. Batri yako ina 12. Basi opampu iliyoachwa huru inakuwa kama mkubwa wa ofisi asiyeletewa habari ya kilichotokea baada ya amri zake: kila karatasi ikimfikia, jibu ni ndiyo hadi dari au hapana hadi sakafu, na katikati hapajui.

Hivyo ndivyo unavyopaswa kuifunga kwenye ampli ya kwaya. Mikro kwenye mlango mmoja, bafle upande wa pili, katikati hakuna rezista hata moja. Rezista ni gharama. Mikro ya kawaida inatoa milivolti chache tu, lakini kwa opampu hizo ni nyingi kupita kiasi. Kila wimbi la sauti litapanda hadi dari, litakaa huko, halafu litaanguka hadi sakafu. Soprano na besi watatoka na mkwaruzo mmoja, pumzi ya mwimbaji itasikika kwa nguvu sawa na kiitikio, na Mama Prezida wa kwaya atakuja Jumatatu asubuhi.

"Papa fundi, ampli yako inapiga kelele hata tukinyamaza."

"Mama Prezida, hiyo ni nguvu. Wengine wanailipia."

Kuna watu waliofikiri vingine, na ni vyema uwajue ili uwacheke. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa Bell Labs aitwaye Harold Black alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan. Simu za masafa marefu za siku hizo zilipita kwenye amplifaya nyingi mfululizo, na kila moja iliongeza uchafu wake juu ya uchafu wa mwenzake. Black akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times wazo lake: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mlangoni kikiwa kimepinduliwa, kipingane na kinachoingia. Nguvu inapungua sana, lakini inayobaki ni safi, tena inatabirika. Aliomba patenti mwaka 1928, akaipata mwaka 1937. Mtu anatupa nguvu kwa hiari yake, kisha anangoja miaka tisa apewe karatasi! Huyo asingepata mteja hata mmoja hapa sokoni.

Wanafunzi wake wamejaa duniani, na hivi ndivyo wanavyofanya. Wanachukua rezista ya kiloomu 1 na kuiweka kati ya mikro na mguu wa 2. Wanachukua nyingine ya kiloomu 100 na kuiunganisha kutoka mlango wa kutokea, mguu wa 6, kurudi mguu uleule wa 2. Mguu wa 3 wanaufunga kwenye masi, ule waya wa sufuri. Basi. Yule mkubwa sasa analetewa habari.

Fuata mkondo, maana hapa ndipo penye utamu wote. Mambo mawili yanatosha kuielewa saketi yoyote ya namna hii. La kwanza, milango ya kuingilia hainywi umeme. Kinachopita mle ni kidogo mno hata unaweza kukisahau. La pili, mrejesho, yaani kile kinachorudishwa kutoka mlango wa kutokea, ukiwa umeunganishwa mguu wa 2, opampu itafanya lolote liwezekanalo upande wa kutokea ili milango yake miwili iwe na volti sawa. Mguu wa 3 uko sufuri, basi mguu wa 2 nao utashikiliwa sufuri, ingawa haukufungwa kwenye masi. Mikro ikileta milivolti 10, kupitia kiloomu 1 zinapita mikroampea 10. Zinakwenda wapi? Mlangoni haziingii, opampu hainywi. Njia iliyobaki ni ile rezista ya kiloomu 100, na mikroampea 10 zikipita humo zinadai volti 1. Kwa hiyo mlango wa kutokea unashuka hadi volti 1 chini ya sufuri. Milivolti 10 zimekuwa volti 1, zimepinduliwa, na ukuzaji ni 100, si kwa sababu chipu ni kali bali kwa sababu rezista mbili zinaachana mara 100. Chipu ikiwa ya mara 200,000 au ya mara 50,000, jibu karibu halibadiliki. Ndiyo maana wenzetu hawa wanaweza kununua chipu iliyosuguliwa namba, na bado ampli ikaimba.

Lakini wewe unataka jina. Basi fungua mguu wa 3 kutoka kwenye masi, hamisha ile rezista ya kiloomu 100 kutoka mguu wa 2 uipeleke huo wa 3, na mikro ibaki upande wa 2. Kwa macho ni saketi ileile. Picha ukiipiga kwa simu huoni tofauti. Sasa kinachotoka kinarudi kuunga mkono kilichokitoa. Opampu ikielekea juu kidogo, mrejesho unaisukuma juu zaidi, inagonga dari na kukwama huko. Sauti itatoka mara moja tu, "tuk!", ya bafle likisukumwa nje. Ukitaka aina nyingine ya mrejesho wa kuungana mkono, huhitaji hata rezista: elekeza bafle kwenye mikro. Sauti itatoka kwenye bafle, iingie kwenye mikro, itoke imekua, iingie tena, mpaka mlio mmoja mrefu uwatoe waumini nje. Waliosomea Kifaransa wanauita larsen, kwa heshima ya mwanafizikia wa Denmark Søren Larsen aliyeuchunguza. Mwambie mteja kwamba ampli yake ina larsen, umtajie na Denmark. Bei itapanda.

Kufikia hapa msomaji mwangalifu atauliza ushauri huu auingize mguu upi. Auingize mguu wa 2.

Kuna ufungaji mwingine, ambao mikro inaingilia mguu wa 3 moja kwa moja, na mguu wa 2 unapata sehemu tu ya kinachotoka, kwa kugawanya kati ya rezista mbili. Humo sauti haipinduliwi, na ukuzaji ni rezista kubwa gawanya kwa ndogo, ongeza moja: kwa kiloomu 100 na kiloomu 1 ni 101. Faida yake si ile moja ya ziada. Mikro ya shehe ina ukinzani wake wa ndani, tuseme omu 600. Ukiipitisha kwenye ile saketi ya kupindua yenye kiloomu 1 mlangoni, omu 600 zinajumlishwa humo, na ukuzaji ulioutangaza kuwa 100 unakuwa 62.5. Kwenye mguu wa 3, ambao haunywi umeme, mikro inatoa ilichonacho chote. Kwa hiyo kwa msikiti chagua ya kupindua, kisha mlaumu muadhini kwamba anasimama mbali na mikro.

Ukiondoa rezista zote na kuunganisha mlango wa kutokea na mguu wa 2 kwa waya mtupu, ukuzaji unakuwa 1. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Mteja atakuuliza kwa nini alipie chipu inayorudia tu alichosema, nawe usimweleze kwamba inarudia kwa nguvu ambayo mwenye kusema hakuwa nayo.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo Kasongo inaachana na vitabu. Vitabu huchora opampu na umeme wa pande mbili, volti 15 juu ya masi na volti 15 chini yake. Wewe una batri moja ya pikipiki. Wimbi la sauti lina nusu ya kupanda na nusu ya kushuka. Kama masi yako ndiyo hasi ya batri, chini yake hakuna kitu, na nusu ya kushuka haina pa kwenda. Shauri la kitaalamu ni kutengeneza katikati: rezista mbili za kiloomu 10 kutoka chanya hadi hasi, pale zinapokutana pana volti 6, kapasita ya mikrofaradi 47 ipatulize, na sauti yote iishi ikipanda na kushuka kuzunguka hizo 6. Milangoni unaweka kapasita, inayoruhusu sauti ipite na kuzuia volti tulivu.

Usifanye hivyo. Nusu ya kwaya inatosha. Wakilalamika, waambie waimbe nusu nyingine Jumapili ijayo. Au, ukitaka kuonekana umesoma, tengeneza hiyo katikati ya volti 6, ipeleke mguu wa 3 wa saketi isiyopindua, halafu ile rezista ndogo ya kiloomu 1 ishikize masi moja kwa moja bila kapasita. Opampu haijui kwamba volti 6 zilikuwa za kupumzikia tu. Itazizidisha kama sauti nyingine yoyote, mara 101, na kutaka kutoa volti 606 kutoka kwenye batri ya 12. Itajitahidi. Itakwama juu kabisa, au tuseme karibu na juu kabisa, kwa sababu hata dari yenyewe haifikiwi: LM358 inashuka hadi karibu na sufuri lakini juu inaishia kama volti moja na nusu chini ya batri, na 741 haifiki kikamilifu upande wowote. Hii 741 ina ugonjwa zaidi: mguu wake wa kuingilia ukikaribia hasi ya batri, haifanyi kazi sawasawa. Ilizaliwa kwa wenye umeme wa pande mbili.

Nayo haikuzaliwa vibaya. Dave Fullagar aliichora akiwa kampuni ya Fairchild, ikatoka mwaka 1968, na jambo lake kubwa ni kapasita ndogo ya pikofaradi 30 aliyoiweka ndani ya chipu ili isipige mluzi yenyewe. Kabla yake palikuwa na µA709 ya mwaka 1965, kazi ya Bob Widlar, ambayo fundi alilazimika kuifungia vidhibiti vyake kwa nje. Huyo Widlar ndiye aliyeleta kondoo mbele ya ofisi za National Semiconductor mwaka 1970, ale nyasi, baada ya kampuni kubana matumizi na kuacha kuzikata. Wamarekani wanasimulia habari hiyo mpaka leo kama muujiza. Kasongo mbuzi wanafanya kazi hiyo kila siku na hakuna aliyewaandika.

Zile pikofaradi 30 zina gharama, na gharama hiyo ndiyo silaha yako bora kuliko zote. Kwa 741, ukuzaji ukiuzidisha kwa mapana ya masafa unayopata, jibu ni kama megahezi 1, huwezi kulikwepa. Ukuzaji wa 10, unapata kilohezi 100. Ukuzaji wa 1,000, unapata kilohezi 1 tu. Kwa hiyo chukua mikro, ikuze mara 1,000 kwa chipu moja, kwa mkupuo mmoja. Hakuna kitakachoungua. Sauti itatoka kubwa, nene, na herufi zote zinazokaa juu, zile sss na shh na fff, zitakuwa zimefifia. Adhana itasikika mbali lakini kama imefunikwa blanketi. Fundi mwingine angetumia 4558, yenye megahezi 3 na opampu mbili ndani ya ganda moja: angekuza mara 30 kwa ya kwanza, mara 30 tena kwa ya pili, akapata 900 kwa jumla, na kila hatua ingebaki na kilohezi 100, mbali sana juu ya sikio la binadamu. Chipu moja, rezista nne. Mwepuke mtu huyo.

Kwaya ina mikro zaidi ya moja, na hapo ndipo penye fursa. Waimbaji wa mbele wana yao, gitaa la besi lina waya wake, Papa Pasta ana ya mimbarini. Kila moja ina kitufe chake cha kuzungusha. Chukua waya za vitufe vyote, zisokote pamoja, uzifunge kwa gundi nyeusi. Siku Papa Pasta akipunguza mikro yake hadi sufuri, kitufe chake kitakuwa kimeunganisha fundo zima na masi, na kanisa lote litanyamaza pamoja naye. Ni utiifu wa kupigiwa mfano.

Njia ya pili ni kumpa kila mmoja rezista yake ya kiloomu 10 kwenda mguu wa 2, na mrejesho wa kiloomu 10 kutoka mlango wa kutokea. Kwa kuwa mguu wa 2 unashikiliwa sufuri muda wote, mkondo wa kila mikro unafika pale bila kujua kama kuna mwingine, yote inajumlishwa ndani ya ile rezista ya mrejesho, na gitaa halimsikii pasta. Ujumlishaji wa namna hii Karl Swartzel wa Bell Labs aliuombea patenti mwaka 1941, kwa taa za vioo, na haukuwa wa kwaya. Uliingia kwenye mashine M9 iliyokuwa inakokotoa mahali pa kulenga mizinga ya kutungulia ndege, na mwaka 1944 mizinga hiyo ikalinda Uingereza dhidi ya makombora V-1 ya Wajerumani. Kasongo, mji ulioona bunduki za Tippu Tip, kisha mwaka 1893 bunduki za kamanda Mbelgiji Dhanis, ina haki ya kuitumia hesabu hiyo kwa gitaa la besi tu.

Sasa batri. Batri ya risasi ya volti 12 haipendi kunyonywa mpaka mwisho. Ukiinyonya chini ya volti 11 na kitu mara kwa mara, inakufa. Tunahitaji chipu iangalie volti na kukata mzigo kwa rilei. Hii ni kazi ambayo opampu inaifanya bila mrejesho: diodi ya zena ya volti 5.1 kwenye mguu wa 2, sehemu ya volti za batri kwenye mguu wa 3, na jibu la ndiyo au hapana linaiamsha rilei au kuilaza. Ajabu ni kwamba ukiifunga hivyo, bila kitu kingine, itakupa tamasha. Ampli inavuta, batri inashuka hadi kikomo, rilei inakata. Mzigo ukiondoka, batri inapumua na volti zinapanda. Chipu inaona mambo mazuri, inawasha. Ampli inavuta tena, volti zinashuka tena. Ta-ta-ta-ta, usiku kucha, mpaka ncha za rilei zinaungana. Mpe mteja hiyo, umwambie ni saa ya ukutani.

Dawa yake ni rezista moja kubwa, kuanzia kiloomu mia na kitu, kutoka mlango wa kutokea kwenda mguu wa 3. Ndiyo, mguu uleule tuliouharibia ampli. Hapa kuungana mkono kunafaa: chipu ikishasema ndiyo, inajiinua kidogo ili isibadili neno kwa sababu ndogo. Inakata kwa volti 11.5, na haiwashi tena mpaka 12.6, yaani mpaka jua limefanya kazi ya kweli. Sijui mwongozo wa kuharibu mambo ufanye nini na rezista yenye tabia mbili. Iache.

Kutoka hapa panda pikipiki uende Kabambare, kwa Wabangubangu, kwenye nchi ya dhahabu, Namoya na Salamabila. Huko ampli ya kwaya ni mchezo wa watoto. Huko chipu inapima mali.

Mizani ya elektroniki ina kipande cha aluminiamu kinachopinda kiasi kisichoonekana kwa macho, na juu yake zimebandikwa nyuzi nne za ukinzani. Ukiipa volti 5, nyaya mbili za katikati zinakaa kama volti 2.5 kila moja, na tofauti kati yake ndiyo uzito. Chukua mizani ya gramu 200 inayotoa milivolti 1 kwa kila volti: ikijaa kabisa, tofauti ni milivolti 5. Gramu moja ni mikrovolti 25. Kipimo cha mali ya mtu, jasho la mwezi mzima shimoni, kinakaa ndani ya hizo mikrovolti 25.

Weka 741 hapo. Tafadhali, weka. Kila opampu ina kasoro ya kuzaliwa: milango yake miwili haifanani kabisa, na inaona tofauti hata pasipo tofauti. Kwa 741 kasoro hiyo kwa kawaida ni kama milivolti 1, na inaweza kufika 6. Milivolti 1 ni gramu 40. Umeweka sahani tupu, mizani inakuambia una gramu 40 za hewa ya Salamabila. Utabonyeza kitufe cha sufuri, zitapotea. Lakini kasoro inatembea na joto, na kwa chipu za ukoo huu mikrovolti 10 kwa kila digrii si jambo la ajabu. Kati ya alfajiri na saa saba mchana bati la duka linaongeza digrii 10 bila taabu: mikrovolti 100, gramu 4. Mnunuzi mwenye mizani hiyo hahitaji kuiba. Anahitaji tu kujua kama chipu yake inapanda au inashuka na jua, kisha achague saa ya kununua. Mchimbaji naye aliyesoma mwongozo huu atabonyeza sufuri mwenyewe, mbele ya macho ya mnunuzi, kabla ya kufungua karatasi yake. Ndiyo sababu hautauzwa madukani mwa wanunuzi.

Rezista nazo zina sehemu yake. Ili kupata tofauti tu na kuzitupa zile volti 2.5 ambazo nyaya zote mbili zinazo, saketi ya kutoa inadai rezista nne zinazolingana vizuri. Tumia zile za asilimia 5, zilizochomolewa kwenye redio mbalimbali. Ukikuza mara 100, kwa bahati mbaya kabisa sehemu ya zile volti 2.5 itakayopenya inaweza kujifanya milivolti 5, yaani gramu 200, mizani nzima. Wenye mizani halali wanatumia opampu tatu zilizofungwa pamoja na rezista zilizosawazishwa, au chipu maalumu kama HX711 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa macho, zote ni kidude cheusi.

Kurudi Kasongo, bado hujamaliza kuharibu. Mguu wa umeme wa kila opampu unataka kapasita ya nanofaradi 100 karibu nao, isiyozidi urefu wa ukucha. Iondoe, na chipu inaweza kuanza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia, ikipata joto bila sababu. Mlangoni pa mikro fundi mwenye woga huweka rezista ndogo na kapasita ya pikofaradi 100, kwa sababu chipu hizi zikipigwa na mawimbi ya redio yenye nguvu huyageuza kuwa sauti. Simu ya kawaida inayotumia mtandao wa zamani hutuma mawimbi yake kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na hizo 217 ndizo zile "tii-ti-ti, tii-ti-ti" zinazotoka kwenye ampli. Ondoa vyote viwili, funga ganda, na simu yako iweke juu ya ampli, karibu na waya wa mikro. Kwaya ikimaliza ibada na Mama Prezida akaamua kukutafuta, bafle litakupa habari kabla simu haijalia, na utakuwa na sekunde mbili tatu za kufunga meza.